Kimya cha Nyumba ya Bi Hana

Al-Naseem, Riyadh
Novemba 2013

Kwa Mama yangu, Mama Mghendi, Wundanyi.

Shikamoo Mama. Natumaini barua hii imekukuta umekaa nje penye jua, kama jua limetoka, maana najua mwezi huu ukungu hukaa hapo mlangoni hadi asubuhi imekwisha. Goti linasemaje? Na kifua? Na mwanangu Wakesho anakula? Wifi aliniambia ameanza kukataa uji, anataka chai kama watu wazima. Msimkaripie sana. Mimi ni mzima wa mwili. Huku joto limepungua, sasa naweza kuanika nguo juu ya nyumba bila kuungua nyayo.

Barua hii nimempa Kilonzo, dereva wa nyumba hii, Mkamba mwenzangu, ambaye wamempa likizo. Ataiacha Voi kwa yule binamu wa Wifi mwenye duka la mbegu. Ningeweza kupiga simu, lakini simu unaisikilizia kwa jirani watu wakiwa wamekaa, na najua unavyofanya. Unaitikia eeh, eeh, kwa kila ninalosema, halafu ukirudi nyumbani unamuuliza Wifi Mkamburi nimesema nini. Jambo hili sitaki uitikie eeh. Wifi akusomee polepole, na watu wa nje wakiwepo angojee waondoke.

Ni juu ya sauti ya Mghendi. Tangu Pasaka umekuwa ukiniuliza, na mimi nimekuwa nikijibu kwamba nafuatilia. Nimefuatilia hadi mwisho, Mama. Haipo. Nimeliandika hapa juu ili usisomewe karatasi zote hizi moyo ukiwa umening'inia. Haipo, na haitapatikana. Sasa nitakueleza ilivyokwenda, maana una haki ya kujua.

Mzee Yona unamkumbuka. Ni yule mzungu wa ndevu nyeupe aliyekuja kwenye mazishi ya Mghendi akishikwa mkono kupanda kile kilima. Jeneza lilipoanza kushuka alishika ukosi wa shati lake akaupasua, na Baba Mdogo akadhani shati limenasa kwenye msumari, akamnong'oneza kwamba ndani kuna sindano na uzi. Tulicheka baadaye, siku ile ya kufua mablanketi. Halafu Mzee akaweka jiwe dogo juu ya udongo, na watoto wakataka kuliondoa, wewe ukawakataza. Mimi nilikuja kujua baadaye kwamba Wayahudi wanafanya hivyo. Nguo mtu humpasulia wa damu yake, mzazi, ndugu, mke au mtoto aliyemzaa. Kwa mfanyakazi haipasuliwi. Nadhani hakuna mtu pale aliyeelewa alichokuwa akisema na lile shati.

Ndiye aliyekushika mikono akakuambia, "Mama, usilie kwamba amenyamaza. Sauti yake ninayo." Hayo maneno ndiyo uliyobaki nayo, na mimi nayo.

Sijawahi kukueleza vizuri kazi waliyokuwa wakifanya, kwa sababu ulifikiri ni sinema za kuigiza, na Mghendi alikuacha ufikiri hivyo kwa kuwa uliifurahia. Haikuwa hivyo. Mzee Yona hakuwahi kumwambia mtu aigize. Alikuwa anamkalisha mtu kwenye kiti chake mwenyewe, nyumbani kwake, anamuuliza swali moja, kisha ananyamaza. Mghendi alisema watu hawawezi kuvumilia kunyamaziwa. Wanajibu, wanafikiri wamemaliza, wanaona Mzee bado anawatazama, na hapo ndipo wanasema jambo lenyewe. Alianza na wachoraji na wachongaji. Baadaye akawafuata watu ambao kazi yao ni kufikiri tu, walimu wa falsafa na wazee wasio na vitabu ila wanajulikana vijijini kwao kwa maswali. Na miaka yote hiyo alikuwa akiwarekodi Wayahudi wenzake, wale ambao wazazi wao walikuja Kenya wakikimbia kuuawa Ulaya, wakapewa mashamba, wakafuga ng'ombe, wakazikwa Nairobi na Nakuru, na watoto wao wakaondoka. Alitaka awapate kabla hawajaisha. Jumamosi hakufanya kazi kamwe. Ijumaa jua likikaribia kuzama kamera ilifunikwa kitambaa, hata kama mtu yuko katikati ya hadithi, na Mghendi akaja nyumbani.

Filamu ya mwisho ilikuwa ya Bi Hana. Huyo alikuwa bibi wa Kiyahudi pale Parklands, mchoraji, mzee kuliko wewe. Alichora kitu kimoja tu, meza ya kwao ya Ijumaa jioni alipokuwa mtoto, mishumaa, mkate umefunikwa, na viti vyote vitupu. Aliichora tena na tena, kuta zilikuwa zimejaa meza. Mghendi alimuuliza kwa nini mkate unafunikwa. Bi Hana akamwambia divai ndiyo inayobarikiwa kwanza, na mkate usione haya kwa kuachwa nyuma. Basi alirudi nyumbani siku hiyo, nikamtilia chai kabla ya kumpa chapati, akachukua kitambaa cha vyombo akaifunika ile chapati. Nikamuuliza unafanya nini. Akasema, "Ngoja inywe aibu yake taratibu." Alifanya hivyo mpaka ikawa mazoea, hata mbele ya wageni.

Pia kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu wa falsafa, Mwalimu Kirimi, Mmeru, rafiki wa Bi Hana wa miaka mingi. Mzee Yona aliwakalisha pamoja mbele ya picha za viti vitupu akawaacha wabishane. Mghendi alinisimulia mara nyingi hata naweza kuwaigiza. Mwalimu akasema, "Hana, hujachora watu hapa." Bi Hana akajibu, "Nimechora walipokaa." Mwalimu akasema, "Pahali si mtu." Bi Hana akamwambia, "Basi wewe mwenye vitabu niambie, mtu ni nini?" Mwalimu Kirimi akafikiri, akafikiri, kisha akaomba aongezewe chai. Mghendi alicheka hadi karibu aharibu sauti waliyokuwa wakirekodi.

Sasa nifike kwenye kimya, kwa sababu huko ndiko alikokuwa.

Mghendi hakushika kamera. Yeye alishika maikrofoni, ile ya mti mrefu yenye manyoya. Kila mazungumzo yakiisha, kabla hawajafungasha, aliwaambia wote wakae kama walivyo wasitingishike, kwa sababu alitaka kuchukua kimya. Kila chumba kina kimya chake, ndivyo alivyoniambia. Saa ya ukutani, dirisha, barabara iliyo mbali. Filamu ikija kukatwa na kuungwa, kati ya neno na neno huwekwa kile kimya cha chumba kilekile, la sivyo sikio linashtuka kama mguu uliokosa ngazi. Friji huzimwa kwanza kwa sababu inanguruma. Akizima friji ya watu alitia funguo zake za nyumba ndani yake, asije akaondoka bila kuiwasha. Ndiyo maana wakati fulani alifungua mlango kwetu kwa funguo za baridi.

Na kila kimya alikianza kwa kutaja mahali. "Nyumbani kwa Bi Hana, sebuleni, mchana, kimya." Kisha ananyamaza. Hiyo ndiyo sauti ambayo Mzee Yona alikuwa akikuambia. Hakuna pengine aliporekodiwa. Simu yake haikuwa ya kurekodi, na harusi yetu unajua ilivyokuwa, picha mbili za kusimama na soda. Kazi yake ilikuwa kushika sauti za watu wengine.

Alipokufa kwa ile homa ya mapafu, filamu ilisimama. Bi Hana naye akafariki. Mzee macho yakaingia giza, akashindwa kutazama kazi yake mwenyewe, ikabidi amtafute mkataji wa filamu, binti mmoja anaitwa Njoki, ambaye hakuwahi kumwona Mghendi. Mimi nikaja huku. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana madam, mke wa mwenye nyumba hii, ananipa simu yangu, na kila Ijumaa nilimtafuta Njoki. Mara haipatikani, mara yuko safarini. Nilikuwa nikikuambia nafuatilia, na ilikuwa kweli.

Sikukuu ya kuchinja ilipofika, familia ikaenda Jeddah kwa mama yake madam, na mimi na Kilonzo tukachukuliwa. Yule bibi bado anakaa Al-Hindawiyah, mtaa wa zamani ambao wenye nyumba wengi walishahama wakapangisha wageni. Ukisimama jikoni unasikia lugha za watu wa kila nchi kwenye kichochoro, na nilifurahi kidogo, kwa sababu hapa Al-Naseem ni kuta tu. Madam akiwa na mama yake anakuwa mtu mwingine, anasahau mambo. Alisahau kuichukua simu. Ndipo Mzee Yona mwenyewe akanipigia, kutoka Nairobi, alasiri, nyumba nzima imelala.

Aliniita mwanangu. Akasema Njoki amemweleza, na hakutaka niambiwe na mtu mwingine. Nikamuuliza, "Haipo hata moja?"

Akasema, "Hata moja, Mumbua."

Ni hivi, Mama. Wakataji wana desturi yao. Kimya kikiingizwa kwenye mashine, maneno ya mwanzoni hukatwa, kwa maana ni ya kujulisha tu, hayaingii kwenye filamu. Kinachotakiwa ni kimya chenyewe, safi. Njoki alikuta vyumba vyote vile vimeanza na sauti ya mwanamume anayetaja mahali. Akafanya kama anavyofanya siku zote. Alikata sauti, akahifadhi kimya, tena kwa uangalifu sana, akakipanga vizuri. Kisha zile diski za mwanzo zikafutwa ili zitumike kwa kazi nyingine, kwa sababu Mzee hakuwa na za kutosha. Na Mzee ndiye aliyemwambia azifute. Alimuuliza kama kila kitu kimeingia, Njoki akasema kila kitu kimeingia. Macho hayaoni, angejuaje. Na Njoki kwa upande wake hakusema uongo. Kwa kazi yao, kilichokatwa si kitu.

Baadaye Njoki alinipigia akilia. Sikumlaumu na wewe usimlaumu. Nilijikuta mimi ndiye ninayembembeleza, nimesimama kati ya magunia ya mchele.

Mzee Yona alinyamaza kwenye simu muda mrefu, na mimi nikamwachia. Halafu akasema, "Nimeshinda maisha yangu nikiwageuzia watu kamera wasipotee. Huyu alikuwa ubavuni mwangu kila siku, na sikumgeukia." Akasema kile kimya wanacho chote, na Mghendi yumo ndani yake, amesimama, ameshika maikrofoni. Akauliza kama nataka anitumie kile cha sebule ya Bi Hana. Nikasema atume.

Nilimwomba Kilonzo aninunulie bando. Aliponiuliza ni la nini nikamweleza, na akatazama mlangoni kwanza. Akaniambia, "Mumbua, kati ya nchi zote za dunia hii, filamu ya Wayahudi umekuja kuitafuta Saudia?" Akatoa ikama yake, kile kibali cha kukaa huku, mfukoni akanionyesha ile picha yake. "Unaona hapa nimecheka? Ukitaka baba wa nyumba anirudishe Machakos nalia, endelea." Nikamwambia hakuna filamu, hakuna picha, hakuna jina la mtu. Ni kimya tu. Akasema hajawahi kusikia mtu akinunua bando la kimya. Lakini alienda akaninunulia, na hakutaka nimrudishie.

Nilisikiliza kesho yake, watu wamelala baada ya kula. Nilikaa kwenye kijichumba cha kufulia nikaiweka simu sikioni. Kuna saa ya ukutani. Kuna kunguru, mbali. Kuna kitu kama kiti kinalia, mara moja. Nilirudia. Nilitafuta pumzi, kwa sababu unajua pua yake ilivyokuwa ikimsumbua, ukilala karibu naye unasikia. Nilirudia tena nikaziba sikio la pili kwa kidole. Hakuna, Mama. Kazi yake ilikuwa asisikike, na aliifanya vizuri.

Madam akanikuta hivyo. Akauliza naongea na nani. Nikasema mafi, siongei na mtu. Akaona macho yangu, akaichukua simu akaiweka sikioni mwake. Akasikiliza. Alisikiliza kuliko nilivyotegemea, akinitazama, nami nikajikuta namtazama usoni kama mtu anayengoja majibu ya hospitali, labda yeye atasikia. Akanirudishia. Akasema, "Mafi kalam." Hakuna maneno. Kisha akasema halas, yalla, basi, haraka, mashuka ya wageni. Sio mtu mbaya. Alisema alichosikia.

Tuliporudi Riyadh, Kilonzo aliniona siongei. Siku moja tukienda Al-Sulay kuchukua magunia ya unga na mafuta kwenye ghala, binti mdogo wa madam akiwa amelala kiti cha nyuma, akaniambia amefikiri jambo. Akasema yeye anaweza kuyasema yale maneno. Nyumbani kwa Bi Hana, sebuleni, mchana, kimya. Arekodi kwenye simu, amtumie Wifi, wewe usikilizishwe. Akasema, "Mama mzima wa miaka ile, simu yenyewe inakwaruza, nani atajua? Utakuwa umempa mzee usingizi." Akajaribu hapohapo, ameshika usukani, akiuvuta ulimi ili awe Mtaita. Alijaribu vizuri. Na Mama, nitakuambia ukweli, kwa muda mfupi nilitaka. Nikaona namna ungekaa, ungeiweka sikioni, na Wakesho angesimama kando yako akivuta leso yako apewe na yeye.

Nikamwambia hapana. Nikamwambia ungejua. Akasema sawa, hakubishana, akawasha redio.

Lakini si kwa sababu ungejua, Mama. Ni kwa sababu mimi nisingejua. Alipoyasema yale maneno niligundua sina cha kumlinganisha naye. Maneno ya Mghendi ninayo, yale ya chapati, yale ya ngazi, mengi. Ila nikiyasikia kichwani yanasemwa na sauti yangu. Yake imenitoka. Sijui ilitoka lini. Nilikuwa nikitegemea ile ya kwenye diski, kwa hiyo sikuitunza hii ya ndani, na sasa nimekuwa kama Njoki.

Hivyo hakuna mahali ilipobaki isipokuwa kwako. Wewe ulimsikia kabla yetu sote, tangu kilio cha kwanza. Nakuomba umwambie Wakesho alivyokuwa akiongea. Kama alivuta maneno mwambie aliyavuta wapi. Kama unaweza kumwigiza, mwigize, usione aibu, hata akicheka. Najua haitatosha. Atakayemsikia ni wewe, si baba yake, na siku moja na wewe hutakuwepo, nisamehe kusema hivyo. Lakini sina jingine la kumpa.

Na msimwahidi Krismasi. Nilimwomba baba, ambaye ndiye kafili wangu, mdhamini wangu wa kazi, kwa sababu mkataba ulikuwa umekaribia kwisha. Akasema mpaka apatikane msichana mwingine, na wasichana hawaji sasa. Ikama imeshaandikwa upya, niliiona mezani. Sikuulizwa. Mwambieni tu kwamba mama yupo kazini.

Nisalimie Wifi Mkamburi, na umshukuru kwa kusoma, koo limpumzike. Nisalimie Baba Mdogo na umwambie bado nakumbuka ile sindano yake. Nisalimie mke wa pasta, na jirani mwenye simu, na yule shangazi anayekuletea kuni, ambaye najua hapendi kutajwa mwisho. Mzee Yona akifika huko, maana amesema atajaribu kuja mwaka kaburi litakapojengewa kama bado anaweza kutembea, mpeni kiti chenye mgongo, na akitaka kuweka jiwe mwacheni.

Sina zaidi, Mama. Ukimtaja Mghendi kwenye maombi ya jioni, mtaje kwa sauti, Wakesho asikie jina. Na baada yake nitaje na mimi.

Mkaza mwanao,
Mumbua